Samaki Aliyefumba Mdomo

Jambo la kwanza alilogundua Minza asubuhi ile lilikuwa dogo sana. Samaki mmoja alikuwa akitafuna bila kula.

Alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku la kioo, kama alivyofanya kila siku kabla ya kwenda shule, mkononi ana kopo la viluwiluwi wa mbu aliowachota kwenye pipa bovu nyuma ya nyumba. Alipowamwaga, samaki wote walivamia. Madume, wenye ubavu wa buluu na mgongo mwekundu, walisukumana kama watoto kwenye foleni ya uji. Samaki jike mmoja tu, mwenye rangi ya majivu, alibaki pembeni karibu na majani ya maji. Kidevu chake kilikuwa kimevimba. Taya zake zilikwenda juu na chini polepole, kama bibi mwenye mapengo anayemumunya karanga. Kiluwiluwi mmoja alipita mbele ya pua yake, lakini hakumgusa.

Minza alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la tano, na alikuwa na tabia ya kuona mambo kabla ya wengine na kutoyasema. Mwalimu alipoita majina, alijibu "nipo" kwa sauti iliyofika dawati la mbele tu. Mara mbili aliandikwa kuwa hakufika, naye amekaa pale pale. Felisita, binti wa jirani aliyekaa naye dawati moja, alimpa jina la Bubu tangu darasa la pili, na jina likashika. Darasa zima lilimwita hivyo. Minza hakulipenda, lakini hilo nalo hakuwahi kulisema.

Kwa hiyo alikwenda shule na habari ya samaki yule, akarudi nayo. Jioni, mjomba wake alipomkuta tena amepiga magoti pale pale, ndipo alipomuuliza anaangalia nini, naye akanyoosha kidole.

Mjomba huyo aliitwa Kasmiri, kaka yake mama. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na minne katika kituo cha serikali cha mabwawa ya samaki, kando ya ziwa. Miaka ile wafanyakazi walikuwa wakipunguzwa kila mahali, na siku moja jina lake lilikuwemo kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Alikuja Bariadi kwa dada yake, Lukresia, akiwa na sanduku la nguo, baiskeli, na ndoo yenye furu kumi na sita. Furu ni samaki wadogo wa ziwani, urefu wa kidole cha kati. Wenye njaa huwakaanga. Mjomba Kasmiri hakutaka kuwakaanga. Alinunua vioo vya dirisha katika duka jipya la vifaa vya ujenzi, kwa maana mwaka ule maduka yalikuwa yakifunguliwa kila mtaa na vitu vilivyokuwa vikipangiwa foleni sasa vilijaa rafuni. Aliviunganisha vioo kwa gundi nyeusi, akatandika mchanga wa mtoni, akapanda majani ya maji, akawaachia samaki wake humo.

Majirani walikuja kuangalia, wakacheka. Mama Eufrasia, mama yake Felisita, ambaye alikuwa akikaanga maandazi ya kuuza, alimuuliza mjomba kama nyumbani kwao kuna mchele wa kuangalia pia, au ni samaki tu. Mjomba alicheka naye. Lakini baada ya wiki chache alipita mtu wa Lamadi aitwaye Marcelo, mwenye nyumba ya kulala wageni pale barabarani, ambako watu wanaokwenda kutazama wanyama Serengeti hushuka usiku mmoja. Alisimama mbele ya kioo mpaka chai yake ikapoa. Kisha akaagiza samaki kumi na wawili wa rangi, pamoja na sanduku lao, wafike kwa basi la Jumamosi ya wiki iliyofuata. Ilikuwa kazi ya kwanza ya mjomba tangu ile karatasi ya mlangoni. Kuanzia siku ile alianza kunyoa ndevu tena.

Na siku Minza alipomwona samaki anayetafuna bila kula, ilikuwa Jumatatu ya wiki hiyo.

Mjomba aliinama, akaweka jicho karibu na kioo, akatulia.

"Huyu si mgonjwa," alisema. "Ana mayai mdomoni."

Minza alimtazama kuona kama anatania. Mjomba hakuwa anatania. Alimweleza kwamba furu jike akishataga huyaokota mayai yake yote na kuyaweka mdomoni, akakaa nayo siku kumi na nane, hata ishirini, akiyageuzageuza yapate hewa. Muda wote huo hali. Watoto huanguliwa humo humo, na siku yao ikifika hufungua mdomo wakatoka.

Minza alifikiri kidogo. "Akipiga chafya?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Mjomba alicheka mpaka ugoro ukamwagika. Alikuwa mnusaji ugoro wa siku nyingi, na dada yake alikuwa na desturi ya kumwambia kwamba pua yake ilikwisha kufa, imebaki ya kushikia miwani.

Alisema samaki yule atengwe, maana madume wakimsumbua atashtuka na kumeza mayai. Walimweka kwenye beseni la bati, kwa maji yale yale ya sandukuni, pamoja na jiwe moja na shada la majani. Mjomba alimwagiza Minza alifunike kwa kipande cha chandarua paka asifike, akamwonya kwamba mtu yeyote asibadilishe maji ya beseni lile, hata akiyaona yamechafuka. Kisha akaenda kukata vioo vya sanduku la Marcelo.

Kipande cha chandarua Minza alikipata. Kamba hakuipata. Alizunguka nyumba akitafuta katani, akafika penye ukuta wa ghala. Hapo palikuwa na madumu mawili ya njano ya mafuta ya kula, yanayofanana kama mapacha. Moja lilikuwa la maji. La pili lilikuwa la kuchanganyia dawa ya pamba, na mpini wake ulikuwa umefungwa utepe mwekundu uliochanwa kwenye kanga kuukuu ya mama. Baba yake Minza, Mzee Maige, ndiye aliyeanzisha desturi hiyo tangu mwaka mbuzi wanne wa jirani walipokunywa kwenye beseni la dawa wakafa wote kabla ya jua kuzama. Sasa yeye mwenyewe alikuwa mbali, kule Mwanhuzi, na ng'ombe, lakini desturi ilibaki. Katika nyumba ile hakuna aliyehitaji kuuliza. Chombo chenye utepe hakiingii jikoni. Chombo kisicho na utepe ni cha kila mtu.

Utepe ule ulikuwa mrefu na laini, unatosha kabisa kuzunguka beseni. Mapalilio yalikwisha, dawa ilikwisha kupigwa, pamba ilikuwa inavunwa. Dumu halikuwa na kazi. Minza aliufungua utepe, akaukung'uta, akafungia chandarua kwa mafundo mawili. Alisema moyoni kwamba ataurudisha kesho akipata katani. Kisha mama akamwita kuchambua mchele, na ile kesho haikuja.

Siku iliyofuata, Jumanne, mjomba alikwenda kisimani. Maji ya samaki hayachotwi na kumwagwa siku hiyo hiyo. Huachwa kivulini siku mbili, matope yatulie na ubaridi wake ulingane na wa sandukuni. Mjomba alichukua dumu penye ukuta wa ghala. Aliangalia mpini kwanza, kama alivyoangalia kila mtu wa nyumba ile, akaona hauna kitu. Alilisuuza mara moja, akalijaza, akaliweka chini ya mti wa mlonge. Pua yake haikumwambia lolote.

Alhamisi mchana alipunguza maji ya sanduku mpaka nusu, akajazia yale ya dumu. Minza alikuwepo, amemshikia kata. Felisita naye alikuwepo, maana hakuna siku iliyopita bila yeye kuja na kipande cha andazi na maneno mengi.

"Hawa samaki wenu wamepanga mstari kama wanasubiri mwalimu," alisema. "Bubu, hata hawa wanaongea kuliko wewe. Tazama midomo yao."

Akatupa kipande kimoja cha andazi, kidogo kama ukucha. Mjomba alimkataza kwa ukali, kwa sababu alikwisha kumkataza mara tatu kabla ya siku ile. Mafuta huchafua maji. Felisita alisema samahani, akaendelea na hadithi yake nyingine.

Ijumaa alfajiri mjomba aliamka kuwatazama. Samaki wote walikuwa juu ya maji, matumbo yametazama dari. Rangi ya buluu ilikuwa imeshawatoka. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, na kipande cha andazi kilichovimba kilikuwa chini mchangani, mbele ya macho yake.

Hakupiga kelele. Alimwambia mama yake Minza kwamba kesho hakuna safari ya Lamadi. Alisema kwamba mtoto wa jirani alikatazwa mara tatu, na kwamba asionekane tena mlangoni pale. Maneno kama hayo hayakai ndani ya ua mmoja. Jua lilikuwa halijapanda vizuri Mama Eufrasia alipofika na Felisita amemshika mkono, mkono wake wenyewe bado una unga.

Felisita alikana. Alisema kipande kilikuwa kimoja tu, na kwamba samaki hawawezi kufa kumi na watano kwa kipande kimoja. Mama yake alimwambia asijibizane na wakubwa. Ndipo Felisita akageuka.

"Bubu, wewe ulikuwepo," alisema. "Waambie. Nilitupa kimoja tu."

Watu wazima watatu walimtazama Minza. Alijua kwamba Felisita anasema kweli. Alikiona kile kipande, na aliona samaki wakikizunguka bila hata kukionja. Alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yote, yamepangana, lakini macho sita yalikuwa mengi mno. Alifumba mdomo, akatazama vidole vya miguu yake.

Mama Eufrasia alichukua hilo kuwa jibu. Felisita alipigwa fimbo tatu pale pale uani, akaondoka bila kumtazama mtu. Shuleni alihamia dawati la nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu darasa la pili Minza alikaa peke yake. Siku nzima hakuna aliyemwita Bubu. Hakuna aliyemwita chochote.

Aliporudi mchana alikwenda moja kwa moja kwenye beseni. Alitarajia kumkuta na yule jike amekufa. Jike alikuwa hai, chini ya jani, akitafuna polepole na kidevu chake kimejaa. Minza alishangaa. Samaki hawa walitoka sanduku moja. Maji yao yalikuwa yale yale. Hapana, hayakuwa yale yale. Ya beseni hayakubadilishwa.

Alinyoosha mkono kulegeza chandarua aone vizuri zaidi, na vidole vyake vikagusa fundo. Utepe mwekundu. Aliushika hapo muda mrefu.

Kisha alikimbia hadi penye ukuta wa ghala. Hapakuwa na dumu hata moja. Kivulini chini ya mlonge hapakuwa na dumu. Aliposikia kengele ya baiskeli, aligeuka akamwona mama yake anaingia kutoka kisimani, amechoka, vumbi mpaka magotini, na madumu mawili ya njano yamefungwa kwa mpira kwenye kiti cha nyuma, moja huku na moja huku. Yote mawili yalikuwa na mpini mtupu. Yalifanana kama mapacha, na hata Minza hakuweza kusema lipi ni lipi.

Mama alishusha dumu la kwanza, akalimimina kwenye mtungi wa maji ya kunywa. Alimtuma Minza alete kata. Minza alisogea, akashika mdomo wa mtungi kwa mikono miwili, akausukuma. Mtungi ulilala ubavu, na maji yote yakaenda uani mpaka kwenye majivu.

Mama yake alisimama kama aliyepigwa kofi. Miezi ile visima vya karibu vilikuwa vimekauka, na safari ya kisima cha mbali ilikuwa saa nzima kwenda na kurudi. Alimuuliza ana nini. Minza hakujibu. Alimuuliza tena kama ameona nyoka, kama ameteleza, kama ana homa. Minza alitikisa kichwa kila mara. Alidhani kwamba maji yakimwagika, basi yamekwisha, na hakuna tena la kusema.

"Basi chukua dumu hilo hilo uende mwenyewe," mama alisema. "Ukirudi na kiu utajua maji yanatoka wapi."

Mjomba Kasmiri, aliyekuwa amekaa siku nzima karibu na sanduku lake lisilo na samaki tena, aliinuka kumsaidia dada yake. Wakati huo huo mdogo wake Minza, Milembe, mwenye miaka mitatu, alitoka kucheza. Alikuwa na kikombe chake cha plastiki, kile chenye mpini uliovunjika. Alikinyanyua kwa mjomba na kusema maji. Mjomba alilegeza kifuniko cha dumu la pili, akaliinamisha.

"Asinywe," Minza alisema.

Alilisema kwa ile sauti yake ya darasani. Hakuna aliyesikia. Maji yalikuwa yameshaanza kuingia kikombeni.

"Mjomba, usimpe."

Safari hii sauti ilitoka kubwa, mpaka yeye mwenyewe akaiogopa. Mkono wa mjomba ulisimama. Milembe aliangusha kikombe, akaanza kulia kwa kushtuka.

"Moja kati ya hayo ni dumu la dawa ya pamba," Minza alisema. "Sijui lipi. Utepe niliufungua mimi, Jumatatu. Nilifungia beseni. Ndilo lililoua samaki, si Felisita. Felisita alitupa kimoja tu."

Alisema yote kwa mfululizo, bila kupumua, akamaliza. Halafu alisubiri kupigwa.

Mama hakumpiga. Kwanza alimchukua Milembe, akampangusa mikono na mdomo, akamuuliza kaka yake kama mtoto amekunywa kitu kutoka dumu lolote tangu asubuhi. Mjomba alisema hapana, madumu yalikuwa matupu mpaka sasa. Ndipo mama alipoinama kwenye dumu moja, akanusa, akaenda kwenye la pili, akanusa zaidi. Alimsukumia kaka yake. Mjomba alinusa, akatikisa kichwa kwamba haoni tofauti.

"Linanuka shamba," mama alisema. "Nimelibeba njia nzima, jasho linanitoka, wala sikunusa. Niliangalia mpini tu."

"Na mimi niliangalia mpini tu," mjomba alisema.

Walikaa chini wote watatu kwenye kivuli. Kisha mjomba alisimama, akavaa shati lake safi, akamwambia Minza waende.

Kwa Mama Eufrasia mafuta yalikuwa yanachemka. Mjomba alimwamkia kwa lugha ya kwao, mwadila, mayu, naye akaitikia bila kuinua macho. Mjomba hakukaa. Alisema kwamba amemsingizia mtoto wa watu, kwamba alitazama kipande cha andazi akaona kinatosha, akaacha kutafuta. Aliomba radhi kwa Felisita, si kwa mama yake tu. Baada ya hapo alimsogeza Minza mbele kidogo kwa kiganja. Minza alielewa kwamba hilo lake hatasemewa. Akasema kwamba alijua asubuhi, na hakusema, na kwamba fimbo zile zilikuwa zake.

Felisita alikuwa anageuza maandazi. Aliyageuza yote, moja moja.

"Nimepigwa bure," alisema, na hakuongeza neno, jambo ambalo kwa Felisita lilikuwa kubwa.

Jioni ile mama na mjomba walitoboa madumu yote mawili kwa jembe, wakayafukia mbali na njia ya maji. Mama alisugua mtungi kwa majivu na mchanga, akauanika. Alisema kwamba utepe hautafaa tena, kwa sababu kinachofungwa kinafunguliwa. Tangu msimu ule chombo cha dawa kilipakwa rangi nyekundu kuzunguka mwili wote, na hakikukaa tena nyumbani. Kilikaa kwenye kibanda cha shambani, kwa kufuli. Majirani wawili walipoona walifanya vivyo hivyo.

Mjomba alimwaga maji ya sanduku kwenye shimo, akatupa mchanga na majani, akasugua vioo mara saba. Kwa Marcelo aliandika barua, akampa kondakta wa basi. Aliandika ukweli, kwamba samaki wamekufa kwa uzembe wa nyumbani kwake, na hakumtaja mtoto. Jibu lilikuja kwa basi hilo hilo baada ya siku nne. Marcelo alisema wageni hawataisha Lamadi, na kwamba yeye yuko tayari kumsubiri mtu anayeandika barua ya namna hiyo.

Lakini wa kusubiriwa alikuwa samaki mmoja tu, ndani ya beseni. Minza alimtembelea asubuhi na jioni. Jike alikuwa amekonda, kichwa kimekuwa kikubwa kuliko mwili, na bado alifumba mdomo. Siku ya kumi na tano aliona, kati ya midomo ile, kitu kama macho madogo mengi yanayotazama nje. Safari hii hakukaa na habari hiyo. Alimwamsha mjomba kwenye usingizi wake wa mchana, naye alikuja na kikoi bila kulalamika.

Siku ya ishirini ilikuwa Jumamosi. Minza alifungua chandarua, sasa kimefungwa kwa katani, akaona jike amesimama katikati ya beseni, juu ya jiwe. Jike alifungua mdomo. Watoto walitoka kama punje za ulezi zenye mikia, wakakaa mbele ya uso wake kwa kundi, wakatawanyika. Kivuli cha Minza kilipopita juu ya maji, walirudi mbio mdomoni, wote. Kisha akawatoa tena.

"Mjomba, amefungua," Minza aliita. Sauti ilivuka ua.

Mjomba alikuja, mama akaja na Milembe mgongoni, wakainama wote juu ya beseni. Walitazama mpaka jike akachukua kipande cha kwanza cha dagaa aliyesagwa, akala.

"Unaona, mwanangu," mjomba alisema. "Huyu alifumba mdomo siku zote hizi, na hakuna wa kumlaumu. Alikuwa anawalinda. Lakini leo angeendelea kufumba, wangemfia humo humo. Wewe ni mkimya, na mimi sitaki uwe mpiga kelele, wapo wa kutosha mtaani. Nakuomba ujue siku ya kufungua tu. Jambo linaloweza kumdhuru mtu halikai mdomoni. Jambo linaloweza kumtoa mtu kwenye lawama halikai mdomoni. Na kosa ukilisema siku ile ile ulipolifanya, huwa ni utepe tu. Ukilikalia, unajua lilikofika."

Mama aliongeza kwamba hilo linawahusu na wakubwa, akamtazama kaka yake, naye akakubali kwa kichwa.

Mlango wa ua ulilia. Felisita alikuwa amesimama pale na sahani ya maandazi iliyofunikwa, ametumwa na mama yake. Kwa wiki mbili na zaidi hakukanyaga ua ule. Aliiweka sahani mbali sana na beseni, zaidi ya ilivyohitajika, akafuta mikono yake kwenye gauni ili kila mtu aone kwamba imefutwa. Kisha alishindwa kujizuia, akasogea, akachuchumaa.

"Mungu wangu, wadogo hivi," alisema. Aliwatazama wakiingia mdomoni na kutoka. "Na mama yao akisahau akameza mate? Sogea basi nami nione. Bubu, wako wangapi?"

Minza hakusogea. Alikuwa amewahesabu mara tatu, na jibu la swali lile lilikuwa rahisi. Jibu lingine, lililokaa mdomoni miaka mitatu, lilikuwa limesimama nyuma ya hilo likisubiri zamu yake.

"Wako ishirini na watatu," alisema. "Na mimi naitwa Minza."